Musa (a.s.) Alikuwa Mfanyakazi Ugenini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Hapa Uganda kazi ya ughaibuni tunaiita kyeyo, yaani ufagio. Wengi wanaoushika ufagio huo ni dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia na nchi jirani zake. Pesa wanazotuma zinalipa karo na kujenga nyumba. Lakini zimekuja pia habari za kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mishahara na kupigwa, hata Januari 2016 serikali yetu ikasimamisha safari za wafanyakazi wa ndani kwenda Saudi Arabia, kabla ya kuziruhusu tena. Wapo wanaosema tunyamaze, kwa kuwa ile ni ardhi ya Haram mbili. Mimi naona heshima ya Haram hizo ndiyo inayotulazimu kusema.

Tufungue Suratul Qasas. Nabii Musa (a.s.) aliikimbia Misri kwa hofu, akafika Madyan hana kazi wala jamaa. Mzee mmoja akamwajiri baada ya binti yake kumsifu kwa nguvu na uaminifu. Utazameni mkataba wao. Muda ulitajwa: miaka minane, na kutimiza kumi ni kwa hiari yake. Mwajiri aliahidi kutomtaabisha. Musa naye akaweka sharti kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoumaliza, asidhulumiwe. Wakamfanya Allah kuwa shahidi. Alipotimiza muda, akaondoka na ahali yake.

Sasa tuangalie neno kafala, ambalo ndilo jina la mfumo wa ajira kwa wageni katika nchi za Ghuba. Ni neno la dini yetu. Katika Surat Aal Imran, Zakariya (a.s.) ndiye aliyepewa kafala ya Maryam, yaani ulezi wake. Na anayemlea yatima, Mtume (s.a.w.) amembashiria ukaribu naye Peponi kama vidole viwili. Leo neno hilo linamaanisha kwamba ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri wake. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba idhini ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Saudi Arabia ililegeza masharti yake Machi 2021, lakini wafanyakazi wa ndani hawakuingizwa. Yule anayefungiwa mlango, ambaye hana shahidi ila Allah, ndiye aliyeachwa nje ya nafuu hiyo.

Katika hadith qudsi aliyoipokea Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwingine ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yote, asimpe ujira wake. Nani kati yetu atasimama na kesi hiyo?

Wala tusimnyooshee kidole mwajiri wa Riyadh peke yake. Wakala anayemwahidi binti kazi ya dukani huku akijua anampeleka kufua na kupika, yuko mjini kwetu, na pengine tunaswali naye safu moja. Na msichana wa kazi nyumbani kwetu, anayeambiwa kila mwezi asubiri mwezi ujao, naye ana Mola anayemsikia.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi wanafunzi wa sheria, wa Kiarabu na wa dini tukae msikitini baada ya swala ya Ijumaa, tumsomee mkataba kila anayesafiri, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia sahihi. Aujue mshahara wake, muda wake na mahali pa kukimbilia. Na anayekwenda, naye atimize ahadi kama Musa alivyoitimiza.

Ewe Mola, walinde dada zetu walio ugenini, wafikishie haki zao, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaokula jasho la wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.