Uhuru wa Mtu na Mpaka wa Serikali

Uhuru ni neno lipendwalo na watu wote, lakini si wote walipendao wanaotaka jirani zao walionje. Mwenye nguvu hufurahi uhuru utajwapo kwa ajili yake, akanuna utajwapo kwa ajili ya wengine. Kwa sababu hiyo haitoshi kuusifu uhuru. Yapasa kuuliza mpaka wake uko wapi, na nani mwenye haki ya kuuweka. Swali letu ni hili: serikali ina haki lini ya kumwambia mtu mzima, mwenye akili timamu, asiyemdhuru mwenziwe, "Usifanye"?

Swali hili si la wanafalsafa wa Ulaya peke yao. Mkulima wa Matulo aweza kuliuliza akiwa amesimama mlangoni pa ghala lake. Matulo iko karibu na mji wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma. Hapo Webuye hukutana njia kuu mbili: moja yatoka Eldoret kwenda Malaba, mpakani mwa Uganda, na nyingine yatoka Kakamega kwenda Kitale. Katika nchi hiyo mahindi ni chakula, ni akiba, tena ni karo ya watoto. Mtu amelima, amepanda, amepalilia, amevuna, amepukuchua na kuanika. Mwisho wa taabu yote amepata magunia machache ya kilo 90. Je, magunia hayo ni yake? Na kama ni yake, kwa nini asiyapeleke njia aitakayo, akamwuzie amtakaye?

Kwa muda wa nusu karne jibu la sheria lilikuwa kwamba mahindi ni yake yakiwa ghalani, bali si yake kamili yakiwa barabarani. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilishika biashara ya mahindi mikononi mwake. Walowezi, wakiwamo wale wenye mashamba makubwa ya Trans Nzoia, walihakikishiwa bei. Mwafrika akapewa bei ya chini baada ya makato mengi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini kibali hakikubadilika. Bodi moja ilirithi nyingine, hata mwaka 1979 ikaundwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Kuvusha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila ruhusa kulikuwa kosa, na vizuizi vya barabarani viliwekwa kuwanasa wakosaji. Amri hizo zililegezwa, zikakazwa tena, na mwishowe ziliondolewa mwishoni mwa mwaka 1993.

Si haki kudhani kwamba waliozitunga walikuwa waovu wote. Walisema kwamba miji lazima ilishwe, kwamba bei isiyumbe, kwamba mwaka wa njaa usiwakute watu bila akiba. Katika ukame wa mwaka 1984 serikali iliagiza mahindi kutoka ng'ambo, na watu wengi waliokoka. Hiyo ni hoja yenye uzito, wala haifai kuipuuza.

Lakini tutazame matokeo ya kizuizi chenyewe. Kulikokuwa na mahindi mengi bei ilianguka, na kulikokuwa na upungufu bei ilipanda, na baina ya shibe na njaa alisimama askari akidai karatasi. Tajiri aliipata karatasi hiyo, au alimpata askari. Maskini hakupata hata kimoja. Alibeba gunia lake usiku kwa hofu, kana kwamba jasho lake lilikuwa mali ya wizi. Kizuizi hakikuzuia mahindi, kilizuia wanyonge. Na pale ambapo kila mpitaji huhitaji ruhusa, ruhusa hugeuka bidhaa, na mwenye kuitoa hugeuka mchuuzi.

Wako wanafikra waliojenga falsafa nzima juu ya jambo hili. Mwingereza John Stuart Mill alifundisha mwaka 1859 kwamba sababu pekee ya haki ya kumlazimisha mtu ni kuzuia madhara kwa wengine; faida yake mwenyewe si sababu ya kutosha. Friedrich Hayek, aliyezaliwa Austria, alieleza mwaka 1945 kwamba maarifa yanayohitajika kuendesha uchumi hayako katika kichwa kimoja, bali yametawanyika kwa watu wote. Ofisa aliyeko Nairobi hawezi kujua ghala la nani limeingiwa na dumuzi, wala mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo. Mwenye ghala ajua. Naye Robert Nozick wa Marekani alishikilia mwaka 1974 kwamba kazi ya haki ya serikali ni kuwalinda watu na jeuri, wizi na udanganyifu, na kuhakikisha mapatano yanatimizwa, basi. Ikizidi hapo, alisema, huvunja haki za watu.

Mafundisho haya yana nguvu, lakini yataka kupimwa. Kipimo cha kwanza ni gorogoro, ile tini ya kilo 2 hivi ipimiayo mahindi sokoni. Baada ya vizuizi kuondolewa, mchuuzi wa nafaka huja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mkulima ana deni, ana mgonjwa, ana karo, huuza. Miezi michache baadaye hurudi sokoni kununua mahindi kama yale aliyoyauza, kwa bei ya juu. Hakuna aliyemlazimisha. Je, huo ndio uhuru?

Ikiwa tini imebonyezwa au mizani imechezewa, jibu ni jepesi: huo ni udanganyifu, na hata Nozick angeita askari. Ugumu uko pale tini iliponyoka na mizani ni ya haki, lakini muuzaji ana shida na mnunuzi ana subira. Mwenye njaa huchagua, lakini huchagua kati ya mambo machache. Anayesema kwamba uhuru wake ni sawa na wa mwenye ghala lililojaa hajapata kuuza mahindi mwezi wa Januari.

Hata hivyo, dawa ya uchache wa njia si kuifunga ile iliyobaki. Dawa ni kuongeza njia. Wakulima wakiunda chama cha ushirika kwa hiari yao, hupata sauti moja mbele ya mnunuzi. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2019 yamruhusu mkulima kuweka nafaka yake ghalani, kupewa stakabadhi, na kukopa kwa dhamana yake huku akingoja bei njema. Tena tukumbuke Kitale. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa huko mwaka 1956, na watafiti wa serikali katika mji uo huo walizalisha mahindi chotara yaliyoenea katika miaka ya 1960. Chotara hazikuhitaji askari ili zienee. Mkulima alitazama shamba la jirani, akaona magunia yaliyozidi, akaenda kununua mbegu. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya serikali, na haikumnyang'anya mtu hiari yake. Hapa nawaacha wale wasemao kwamba kila kazi ya serikali nje ya mahakama na polisi ni dhuluma: kufungua mlango si sawa na kufunga.

Kipimo cha pili kiko Webuye kwenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Pan African kilianza kazi hapo katika miaka ya 1970, kikaajiri watu wengi, na mji ukakua kwa ajili yake. Lakini wakazi walilalamikia uvundo wa hewa, uchafu ulioingia Mto Nzoia, na mabati yaliyoliwa na kutu. Mpenzi wa kweli wa uhuru hawezi kusema kwamba mwenye kiwanda ana hiari ya kufanya apendavyo, kwa kuwa paa la jirani nalo ni mali ya mtu, na mapafu yake zaidi. Palihitajiwa mwamuzi. Lakini serikali ilikuwa na hisa katika kiwanda hicho. Mwamuzi alikuwa amevaa jezi ya timu moja. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na uchungu wa kazi zilizopotea ukafuata uchungu wa moshi. Somo ni kwamba serikali ishikayo kila kitu huwa dhaifu pale pale inapohitajiwa kuwa na nguvu.

Huenda msomaji akasema kwamba nia ya mtawala ikiwa njema, amri yake haina hatari. Nia njema haitoshi. Mwalimu Nyerere, mtu asiyejilimbikizia mali, aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kuendelezwa, bali hujiendeleza wenyewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, kuhamia vijijini kukawa amri kwa Watanzania wote wa mashambani, na wengine walivunjiwa au kuchomewa nyumba zao. Ikiwa mtu wa namna hiyo aliweza kuyapita maneno yake mwenyewe, sembuse walio chini yake kwa hekima?

Basi naona kanuni iwe hivi: anayetaka kupita njia hana deni la maelezo, anayetaka kuifunga ndiye atoe sababu. Na sababu hiyo iulizwe maswali matatu. Ni madhara gani, na kwa nani, yanayozuiwa? Je, hakuna njia nyepesi zaidi ya kuyazuia? Na kizuizi kitakoma lini? Swali la mwisho husahauliwa sana. Vita vilivyoleta amri ya mahindi vilikwisha mwaka 1945. Amri iliishi karibu miaka 50 baada yake, ikiwa imesahau mama yake.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi, baadhi yenu mtakuwa wenye magunia, na baadhi mtakuwa wenye kalamu za kutia sahihi vibali. Mwenye gunia akumbuke kwamba haki yake ya kupita haimpi ruhusa ya kukanyaga shamba la mwingine. Mwenye kalamu akumbuke kwamba yule anayengoja mlangoni pake aliamka mapema kuliko yeye, na kwamba kila saa amngojeshayo bila sababu ni saa aliyoichukua katika maisha ya mtu.