Njaa Katikati ya Shibe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu: kila jua lituapo katika mwezi wa Ramadhani, twanyoosha mkono tukatwaa tende, tukafungua saumu kwayo. Haupiti muda mrefu illa kichwa kilichokuwa kizito huwa chepesi, na magoti yaliyolegea hupata nguvu ya kusimama kwa sala. Twasema Alhamdulillahi, na ni haki tuseme. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliojiuliza: ile tende imegeukaje kuwa nguvu? Mola wetu ametutaka tuzitazame nafsi zetu kwa mazingatio, na shukrani ya mwenye kujua si sawa na shukrani ya aliyeghafilika.

Utamu wa tende ni sukari, na miongoni mwake imo ile iitwayo glukosi. Damu huichukua na kuipeleka kwenye seli, nazo ni vijumba vidogo visivyoonekana kwa jicho tupu, ambavyo kwavyo mwili wote umejengwa. Lakini seli haiwezi kuitumia glukosi kama ilivyo. Mfano wake ni mtu aliyetoka alfajiri na noti kubwa kutaka mahamri mawili. Mali anayo, lakini hapati kitu mpaka noti ivunjwe. Glukosi ndiyo noti, na chenji yake ni kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi ATP. Kwa chenji hiyo msuli hujikunja na moyo hupiga.

Kuvunjwa huko ni kwa daraja. Daraja ya kwanza, glukosi yenye kaboni 6 hupasuliwa vipande viwili vyenye kaboni 3 kila kimoja, na faida yake ni ATP 2 tu. Hapa hewa haihitajiwi. Ndiyo maana mkimbiaji aliyeishiwa na pumzi, misuli yake huweza kuendelea kitambo kwa faida hiyo haba. Daraja ya pili, vipande hivyo huingia katika viwanda vidogo vilivyomo ndani ya seli, viitwavyo mitokondria, vikamalizwa katika duara ya kazi aliyoibainisha Hans Krebs mwaka 1937. Kaboni yake ndiyo tunayoitoa puani kwa kila pumzi. Daraja ya tatu, elektroni zilizotolewa katika sukari hupokezanwa mkono kwa mkono mpaka zikafika kwa oksijeni tuliyoivuta, nayo ikaungana na haidrojeni ikawa maji. Nguvu ya kupokezana huko husukuma protoni upande mmoja wa ukuta, kama maji yaliyozuiwa kwa boma, na zinaporudi huzungusha kitu mfano wa gurudumu la kinu, nacho ndicho kitengenezacho ATP. Kwa jumla glukosi moja hutoa ATP kiasi cha 30 hivi. Angalieni tofauti ya 2 na 30! Tofauti hiyo ni pumzi. Wala ATP haina ghala; huvunjwa na kufanywa upya mchana na usiku, hata tulalapo.

Elimu hii si ngeni kwa waliotutangulia katika dini. Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Misri mwaka 1288, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Kwa neno hilo alimpinga Galen, aliyefuatwa zaidi ya miaka elfu moja, wala hakuona kwamba kumpinga mkubwa kwa hoja ni utovu wa adabu.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Ili glukosi iingie katika seli, khasa za misuli, huhitajiwa insulini itokayo katika kongosho. Wako watoto na vijana ambao kongosho zao huacha kuitoa. Hapo sukari hujaa katika damu na seli zikafa njaa. Njaa katikati ya shibe, kama mtu afaye kiu mlangoni pa kisima, ufunguo umepotea. Mwili huanza kuunguza mafuta yake kwa wingi, na asidi huzidi katika damu. Mgonjwa hukonda, huona kiu isiyokatika, huenda haja ndogo kila mara. Kisha hutapika, huhema kwa kina, pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno, na mwisho hupotewa na fahamu.

Je, sisi hufanyaje? Wako wasemao: huyu ana pepo, pumzi hiyo si yake. Hufukizwa, huitwa mganga, hufungwa hirizi, na saa zapita. Twasema waziwazi: pumzi ile ni yake, nayo yaomba msaada. Kumwombea mgonjwa dua ni jambo jema, lakini dua haikatazi kumpeleka hospitali usiku uleule. Mtume wetu ametuamrisha tutafute dawa, na dawa hii ipo. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alianza kudungwa insulini, naye aliishi miaka 13 baada yake. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulikuwa mauti yasiyo na shaka.

Na yule ajuaye kwamba ana kisukari, akaiacha sindano yake Ramadhani asije akaambiwa imani yake ni haba, naye twamnasihi. Aliyempa mgonjwa rukhsa ya kula ni Mwenyezi Mungu, si daktari. Basi na ashauriane na tabibu na mwanachuoni kabla mwezi haujaandama, wala asiirudishe rukhsa ya Mola wake kwa kuogopa macho ya jirani.

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Tusije tukaizima taa kwa mikono yetu, kisha tukasema imezimwa na pepo. Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.