Msimburute Mtoto Aliyesimama Kutazama

Wanangu mliojaliwa watoto wadogo, nawaonya mapema, kabla hawajakua: acheni kuwaburuta. Kila asubuhi nawaona mkipita hapa Ngamiani, mtoto mmemshika kifundo cha mkono, miguu yake inakimbia nanyi lakini shingo imegeukia nyuma, kwa kuwa kuna kitu amekiona na hajamaliza kukitazama.

Hebu angalieni wanavyovisimamia. Kuna kifauongo kando ya njia: mtoto anakigusa, majani yanajikunja, anasubiri yafunuke, anakigusa tena. Kuna mwale wa jua uliopenya tundu la bati, vumbi linaelea ndani yake, naye anataka kuukamata kwa kiganja. Mvua ikishanyesha, kuna sisimizi wanaokokota bawa la kumbikumbi. Mtu mzima anapita hapohapo miaka nenda miaka rudi, na hajui kama pana kifauongo. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Ghashiya anatutaka tutazame ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa na ardhi ilivyotandazwa. Mtoto wa miaka 3 hajaisoma sura hiyo, lakini anaitekeleza. Sisi tulioihifadhi ndio tunaomkemea afanye haraka.

Mliosoma chuoni mnaijua habari aliyoipokea Imam Nasai kutoka kwa Shaddad bin al-Had. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisalisha, akasujudu, na sujudu ile ikarefuka mno. Watu wakadhani kuna jambo limetokea, au wahyi unashuka. Sala ilipokwisha wakamuuliza. Akawaeleza kwamba mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha mpaka atosheke. Kila nikifika hapo nasimama. Jamaa nzima, vipaji vya nyuso chini, inamngojea mtoto anayecheza! Wala hakuwa akifanya ibada mtoto yule. Ulikuwa mchezo tu, na mchezo ule ukapewa nafasi ndani ya sala yenyewe. Basi sisi tuna shughuli gani inayoishinda ile?

Mnamkumbuka pia Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyefiwa na kindege chake, na Mtume akamuulizia kindege kile. Walikuwapo watu walioona habari hiyo haina maana kusimuliwa. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, akaandika kitabu kizima juu yake na kutoa faida 60. Ninyi mtoto akiwaletea habari za ndege, mnamjibu "haya, haya" na macho yako kwenye simu.

Onyo langu ni hili. Mtoto anayevutwa kila akisimama, mwisho huacha kusimama. Hatalalamika, na ninyi mtafurahi kwamba sasa anatembea vizuri. Atafika darasa la 3 hatazami tena kitu. Kisha mtampeleka madrasa afundishwe khushui, utulivu wa moyo mbele ya Mola wake, na mwalimu atahangaika kukipanda upya kile mlichoking'oa kwa mikono yenu. Nanyi wenyewe nawaona msikitini, rukuu na sujudu zinafukuzana kama abiria wanaowahi boti. Hamjajua utulivu unavyofanana, na yupo nyumbani wa kuwaonyesha.

Akikuita uone kitu, usitoe simu umpige picha. Picha ikishapigwa utaona umemaliza, na yeye ndiyo kwanza anaanza. Wala usiligeuze jambo kuwa somo, ukaanza kumweleza sisimizi ana miguu mingapi. Chuchumaa. Muulize anaona nini. Sema Subhanallah kwa sauti aisikie, basi, umemfundisha.

Najua kazi haingoji. Mama aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua hana dakika ya kuchuchumaa njiani, na simlaumu. Lakini baba yupo, na sisi mababu na mabibi tulioacha kazi tupo, tumekaa barazani tangu asubuhi. Tuleteeni watoto. Tutawapeleka chekechea kwa mwendo wao, na mwalimu akilalamika kwamba wamechelewa, mwambieni aje kwangu tuzungumze.