Tunaimba Nini Juu ya Askari Aliyekufa?



Vijana wa kwaya wameuliza neno moja ambalo si dogo: je, ni vizuri kutunga wimbo wa kumlilia askari? Wengine kanisani wanasema hapana, kwa sababu anayebeba bunduki alijitakia mwenyewe. Wengine wanasema ndiyo, kwa sababu ni mtoto wa mtu. Nitajaribu kujibu kwa kuzitazama nyimbo zenyewe, maana vita vina nyimbo za namna mbili, na hazifanyi kazi moja.

Ile ya kwanza tunaisoma katika 1 Samweli 18. Daudi anarudi kutoka vitani, wanawake wanatoka na matari, wanacheza, wanampa Sauli hesabu ya watu aliowaua, na Daudi hesabu iliyo kubwa mara kumi. Angalieni vizuri: katika wimbo ule wafu ni hesabu tu. Hawana jina, hawana mama. Na tangu siku ile Sauli alimtazama Daudi kwa jicho baya, mpaka mkuki ukarushwa ndani ya nyumba. Wimbo wa furaha ulifungua mlango wa damu nyingine.

Sisi watu wa Masisi na Walikale tunaufahamu wimbo huo. Tangu Machi 1993, vita vilipoanzia sokoni Ntoto na kupanda hata Masisi, ni majeshi mangapi yamepita mbele ya milango yetu? 1996, 1998, halafu miaka ya CNDP, halafu M23 katika 2012, na tena tangu mwisho wa 2021. Kila jeshi lilikuja na nyimbo zake, na vijana walioinuka kulipinga walikuwa na zao. Katika nyimbo hizo hakuna mtu anayeharisha msituni. Hakuna kidonda kinachonuka kwa kukosa dawa, wala mtoto wa miaka 16 anayelala juu ya matope akimwita mama yake. Lakini wale waliorudi, ukikaa nao jioni bila watu wengi, hayo ndiyo wanayoyasema.

Namna ya pili ya wimbo ni ile inayothubutu kuyasema hayo mbele ya watu. Mwingereza mmoja, Wilfred Owen, alikuwa ofisa katika vita vya 1914-1918, na aliandika mashairi akiwa bado askari. Katika shairi moja alichukua habari ya Abrahamu na Isaka, ile ya Mwanzo 22. Mzee anamfunga kijana, malaika anaita kutoka mbinguni, kondoo dume yupo tayari, na kondoo huyo jina lake ni kiburi. Lakini katika shairi la Owen mzee anakataa. Anamwacha kondoo, anamchinja mwanawe, na vijana wa Ulaya wanafuata mmoja mmoja. Nani kati yetu hawajui wazee wa namna hiyo? Wako mbali na risasi, kiburi chao kinanenepa, na watoto wa wengine ndio wanaofungwa kamba. Owen mwenyewe aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25. Siku saba baadaye vita vikasimama, na habari ya kifo chake iliwafikia wazazi siku ileile, kengele za makanisa zikilia kwa furaha.

Vita vile vilifika kwetu pia. Waaskari wa Force Publique walipita Kivu, wakaingia Ruanda katika 1916, wakateka Tabora tarehe 19 Septemba. Mizigo yao ilibebwa vichwani. Katika Kongo nzima wapagazi zaidi ya 200,000 walichukuliwa kwa ajili ya vita vile, na wengi hawakuona tena kwao. Halafu Tabora ikaachwa mikononi mwa Waingereza. Mtu alikufa njiani kwa njaa na kuhara, kwa ajili ya mji ambao wakubwa walipeana mezani. Na tusifikiri hayo ni ya zamani: katika Machi 2025 Walikale-centre ilitekwa, na baada ya majuma machache walioiteka wakaondoka. Waliokufa wakiitafuta na waliokufa wakiilinda, hao hawakuondoka.

Lakini ndugu wanaosema hapana tusiwapite haraka, maana wana neno. Mnajua maombolezo ya Daudi katika 2 Samweli 1. Sauli alimwinda miaka mingi, hata hivyo Daudi alifunga mpaka jioni, akamlilia yeye na Yonatani, akalaumu milima ya Gilboa, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo ule. Mimi sijui wimbo wa vita ulio mzuri kuupita. Sasa tafuteni ndani yake neno Nobu. Halimo. Nobu ni mji wa makuhani. Kwa amri ya Sauli makuhani 85 waliuawa siku moja, kisha wanawake na watoto wa mji. Kuhani Abiathari aliponyoka, akakimbilia kwa Daudi, akakaa naye. Aliusikia namna gani wimbo ule?

Kwetu Abiathari ni wengi. Nilikaa katika kilio cha kijana aliyekuwa ndani ya kikundi kimoja chenye silaha. Mama yake aliomba kwaya iimbe. Mama mwingine wa kanisa, ambaye nyumba yake ilichomwa na kikundi hicho hicho na mume wake hakuonekana tena, alisimama nje ya ua bila kuingia. Waimbaji walimtazama wa ndani, wakamtazama wa nje, wakanyamaza. Wengine waliwalaumu kuwa waoga. Mimi naona hawakuwa na wimbo wenye nafasi ya mama wale wawili.

Basi, vijana, utungeni. Mlilieni askari, njaa yake na baridi ya mlimani, lakini mtajeni na Nobu, maana wimbo unaomlilia askari peke yake unafanya vita kuwa kama mvua iliyomnyeshea tu, kana kwamba mikono yake haikufanya kitu. Imbeni pia juu ya maji. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi mrefu wa vita vya Maji Maji vya 1905-1907 kule Tanganyika, ambako watu waliambiwa dawa ya maji itashinda risasi. Walikufa makumi elfu na makumi elfu, wengi kwa njaa iliyofuata. Hapa kwetu vijana bado wananyunyiziwa.

Na someni 2 Samweli 21, habari za Rispa. Watoto wake wawili walitundikwa kwa ajili ya damu ya Wagibeoni iliyomwagwa na Sauli. Hatusomi kwamba aliikana damu ile. Alitandika gunia juu ya mwamba, akafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Wimbo wake haukuandikwa.

Kwaya itakutana Jumamosi saa nane. Mwenye majina ya wafu wake, waliobeba bunduki na wasiobeba, ayalete.