Ufa Ulio Chini ya Rangi

Mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, Cicero aliuliza swali ambalo kila anayetaka kuuza nyumba angepaswa kulijibu kabla ya kumwita dalali. Mtu mwema anauza nyumba yake kwa sababu ya kasoro azijuazo yeye peke yake. Watu huidhani kuwa ni nyumba ya afya, kumbe inaleta maradhi. Nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala. Mbao zake ni mbovu, nayo i karibu kuanguka. Akinyamaza, akaiuza kwa bei kubwa kuliko alivyotarajia, je, amedhulumu?

Cicero anawaleta Wastoa wawili wabishane. Antipater anasema ndiyo: kumtazama mnunuzi akiingia hasarani ni kubaya kuliko kumnyima njia aliyepotea, kosa ambalo Waathene waliliwekea laana ya hadharani. Diogenes wa Babeli anakataa. Muuzaji hakumlazimisha mtu, wala hata kuisifu nyumba hakuisifu. Na upuuzi gani ungezidi kumwagiza mnadi apaze sauti kwamba anauza nyumba yenye maradhi? Cicero mwenyewe anahukumu kwamba kasoro zile hazikupaswa kufichwa. Hata hivyo hoja ya Diogenes haikufa. Iliishi katika kanuni kongwe ya sheria ya Kiingereza inayomtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na ingali inaishi katika kila kinywa kisemacho: "Macho alikuwa nayo, mbona hakutazama?"

Tuanze kwa kukiri kilicho kweli katika hoja hiyo. Nyumba ina mambo mengi ya ajabu ambayo si siri. Katika nyumba za safu za Uingereza zilizojengwa zama za Malkia Victoria, mara nyingi bafu liko nyuma kabisa na hufikiwa kwa kupita jikoni, kwa kuwa liliongezwa baadaye katika nyumba iliyokuwa na choo cha uani tu. Yako mabafu yaliyotandikwa zulia. Ziko sinki zenye bomba mbili zilizotengana, ya maji ya moto na ya baridi, hata anayenawa huchagua kuungua au kuganda. Mambo haya humshangaza mgeni lakini hayamdanganyi. Vivyo hivyo, anayeingia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja hushangaa kuona vyumba virefu na vyembamba, kisha huinua macho, akaziona boriti za mikoko, akafahamu kwamba upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Ajabu ya namna hii hujieleza yenyewe. Kwa jambo lililo wazi muuzaji hawiwi maelezo, na anayenunua nyumba yenye bafu nyuma ya jiko ameinunua pamoja na bafu lake.

Kasoro iliyofichika haiko hivyo, na hapa Diogenes anateleza. Anasema kana kwamba muuzaji ana njia mbili tu, kusema au kunyamaza, ilhali nyumba inayouzwa huandaliwa. Doa la unyevu hupakwa rangi wiki moja kabla ya wageni kuja kutazama; kabati husogezwa mbele ya ukuta uliotota; madirisha huachwa wazi tangu alfajiri ili harufu ya ukungu itoke. Mkono uliofanya hayo umekwisha sema, ingawa kinywa hakikufunguliwa. Wahenga waliijua biashara hii: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, yule asiyepaka rangi, ila akanyamaza tu? Mahakama za Marekani zimehangaika sana na mtu huyu. Mwaka 1942 mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts ilimkatalia mnunuzi aliyeuziwa nyumba inayoliwa na mchwa. Hata kama muuzaji alijua, hakusema uongo wowote, na mahakama ilihofu kwamba akilazimishwa kutaja kila kasoro isiyoonekana, mnunuzi naye atalazimika kutaja kila sifa isiyoonekana. Mwaka 1985, katika kesi ya paa linalovuja, Mahakama ya Juu ya Florida ilishika njia nyingine: muuzaji anayejua jambo linaloathiri thamani ya nyumba, jambo lisiloonekana kwa urahisi wala kujulikana na mnunuzi, sharti aliseme. New York ilitafuta njia ya kati ikazaa kioja. Sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2002 ilimtaka muuzaji atoe tamko la hali ya nyumba. Asipolitoa, alimpunguzia mnunuzi dola 500. Kimya kikawa na bei iliyoandikwa, hata mawakili wakawashauri wateja wao kuilipa, mpaka marekebisho yaliyoanza kutumika Machi 2024 yalipoiondoa ruhusa hiyo.

Fiqhi ya Kishafii, ambayo Waswahili wengi wa pwani wameitumia katika biashara zao kwa karne nyingi, ina neno la kutufaa hapa. Mnunuzi akikuta aibu ya tangu zamani katika alichouziwa, ana hiari ya kukirudisha. Na muuzaji akitangulia kusema, "Nauza kama kilivyo, aibu yoyote si juu yangu"? Kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba sharti hilo halimwokoi, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Maana mnyama hula, huugua na hupona, na hali yake hufichika hata kwa anayemfuga. Nyumba haimo katika msamaha huo, na mtu akitafakari ataona haki yake. Ng'ombe twaweza kumfuga miaka tusijue kilichomo tumboni mwake. Kwa nyumba, sisi ndio tulio tumboni.

Nadhani hapo ndipo penye jibu la kumpa Diogenes. Mkaguzi wa majengo huja asubuhi moja ya kiangazi. Mwenye nyumba amelala humo masika kumi, na anajua ndoo huwekwa wapi mvua ikinyesha. Elimu hii hakuipata kwa werevu wala kwa gharama, kama mfanyabiashara aliyechunguza soko akastahili faida ya juhudi zake. Aliipata kwa kuishi. Siku atakayohama haitamfaa tena kwa lolote, ila kwa kumzidi mwenzake bei. Elimu ambayo faida yake pekee ni ujinga wa mwenzio ni amana iliyo mikononi mwako, nayo ni ya yule atakayelala mahali ulipolala.

Wala hapahitajiwi mnadi. Diogenes alikuza jambo ili alicheke. Kumwambia mtu mmoja, kabla hajajifunga, si kulitangazia soko zima. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya New York ilimruhusu mnunuzi kujitoa katika ununuzi wa nyumba ya mji wa Nyack ambayo mwenyewe alikuwa amesimulia magazetini kuwa ina mizimu. Watu wamezoea kuicheka hukumu hiyo, lakini mizizi yake ni mizito: mji mzima ulikuwa umesikia, asiyejua ni mgeni peke yake. Nasi tunaoishi ng'ambo ni wageni pande zote mbili. Huku hatujui mtaa upi hufurika. Kule twanunua nyumba ya Kigamboni au Mtwapa kwa picha za simu, na picha haina harufu ya ukungu, wala ukuta wake haugongwi kwa kidole.

Yabaki pingamizi lililo zito kuliko ya Diogenes. Muuzaji husema: "Nami niliuziwa hivi hivi. Nilidanganywa, nikalipa bei kamili, deni la benki lingali shingoni mwangu. Nikisema kweli, nitabaki na nyumba na deni." Asiseme mtu kwamba ukweli hapa hauna gharama. Unayo, na pengine ni akiba ya miaka ya familia nzima. Lakini haki ya mdhulumiwa huyu iko kwa aliyemdhulumu. Mnunuzi ajaye hakumkosea kitu. Kumkabidhi hasara kwa sababu ndiye aliye karibu ni kumtoza deni la mtu mwingine, na atakayelitozwa mwisho ni yule atakayekuwa chini ya paa siku litakapoanguka.

Twaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ilimwonya mwenye nyumba aliyekusudia kukaa. Anayeuziba kwa rangi ili auze anajua vema kwamba ukuta utajengwa. Ameshamchagua tu mtu wa kuujenga, naye hajamwambia.