Miaka Ishirini ya Katikati

Mwezi wa nne nilimwambia kaka yangu aache. Tulikuwa tumekaa kwa kibanda cha chai huko Kitengela, matokeo yametoka asubuhi hiyo, na ile karatasi ya mwisho ya uhasibu ilikuwa imemkataa tena. Mara ya sita. Ana miaka 36. Mchana anauza misumari na simiti kwa duka la vifaa vya ujenzi, usiku anasoma. Nikamwambia, "Kaka, si uachane na hii kitu tu? Umejaribu." Hakukasirika. Alimaliza chai, akalipa yake na yangu, akaenda kutafuta matatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Mjapani mmoja ambaye hajui kama mimi nipo duniani.

Anaitwa Hiroshi Yamamoto, mpiga mishale. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akiwa na miaka 21, alipata medali ya shaba. Enzi hizo kila mshindani alirusha mishale 288 kwa siku nne, wanaume wakianzia umbali wa mita 90, kisha alama zote zinajumlishwa. Hapo hubahatishi. Ukiwa wa tatu duniani na bado una sura ya mwanafunzi wa chuo, kila mtu atakwambia dhahabu iko njiani.

Haikuja. Alienda Seoul 1988, akaenda Barcelona 1992, akaenda Atlanta 1996, na kote huko akarudi mikono mitupu. Hata mchezo wenyewe ulibadilika akiwa ndani yake: sasa ni mtu kwa mtu, mita 70, ukishindwa unafunga virago siku hiyo hiyo. Duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12 na kidogo. Chukua kisahani cha kikombe cha chai, kiweke mwisho wa uwanja, halafu ukipige huku upepo unavuma. Sydney 2000 hata hakufuzu. Alibaki nyumbani, mwalimu wa shule, miaka 37.

Halafu Athens, 2004. Akiwa na miaka 41 alifika fainali na kushindwa na Mwitaliano Marco Galiazzo, 111 kwa 109. Medali ya fedha, miaka 20 baada ya shaba. Galiazzo alikuwa na miaka 21, umri uleule wa Yamamoto kule Los Angeles. Wa tatu, Tim Cuddihy wa Australia, alikuwa na miaka 17. Yaani Yamamoto aliposhinda medali ya kwanza, mmoja wa hawa alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na mwingine hajazaliwa.

Hapa ndipo mtu hukwambia mvumilivu hula mbivu. Sawa. Shida yangu na methali hiyo ni kwamba husemwa na watu ambao wameshakula.

Mrudishe Yamamoto mwaka 2000, siku ile wenzake wanapanda ndege kwenda Sydney. Je, huyo ni mvumilivu au ni mkaidi? Mtazame vizuri. Mkono ni uleule, upinde ni uleule, mazoezi ni yaleyale. Hakuna kitu ndani yake ambacho kingekuonyesha tofauti. Sisi tunasubiri Athens ndio tuchague neno. Na kama upepo wa Athens ungesukuma mshale mmoja kidogo katika raundi ya kwanza, akatolewa, tungemwita mzee aliyekataa kukubali. Siwezi kuamini kwamba thamani ya miaka 20 ya mtu inaning'inia kwenye upepo wa siku moja. Lakini kama siamini hivyo, ile karatasi ya matokeo niliyoitumia kama ushahidi dhidi ya kaka yangu ilikuwa ushahidi wa nini?

Ngoja, sisemi kila anayeng'ang'ana yuko sawa. Eliud Kipchoge alipata shaba ya mita 5000 kwenye Olimpiki hiyohiyo ya Athens, akapata fedha Beijing 2008, halafu mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya. Akaachana na mbio za uwanjani. Mwaka uliofuata alikuwa Hamburg anakimbia marathoni, na yaliyobaki mnayajua. Kuacha pia kunaweza kuwa akili. Nilitaka sana kumtolea kaka mfano huo, nikaona ni uleule ujanja: ninamsifu Kipchoge kwa kuacha kwa sababu najua alikoenda.

Kwa hiyo niliacha kuuliza kama atafaulu, nikauliza nani analipa. Hilo naona lina uzito zaidi. Yamamoto alikuwa na darasa na mshahara. Upinde haukuombwa umlishe. Angekuwa anauza shamba la wazazi kununua mishale, ningekuwa upande wa wazazi. Kaka yangu analipa ada ya mtihani kutoka mfuko wake. Shemeji hajawahi kulalamika mbele yangu, na watoto wanakula. Nikihesabu wote walioumizwa na majaribio sita, nabaki na mtu mmoja, na ni mimi. Kwenye arusi na matanga shangazi huuliza, "Na kaka yako siku hizi?" Najibu, "Bado anasoma," na naona vile wanatikisa kichwa. Nilikuwa nimechoka kutoa hilo jibu. Ndio maana nilimwambia aache, halafu nikaliita ushauri.

Baada ya Athens, Yamamoto alisema kwamba kutoka shaba hadi fedha kumemchukua miaka 20, hivyo atatafuta dhahabu kwa miaka mingine 20. Hesabu yake inaishia Paris 2024. Nilitafuta jina lake kwenye timu ya Japani. Halikuwepo. Angekuwa na miaka 61, lakini aki nilisikitika, kisha nikashangaa nilihitaji nini tena kutoka kwake.

Jumamosi kaka alinitumia meseji. Kikokotoo chake kimeharibika, akauliza kama bado ninacho kile changu cha chuo. Nilikitoa kwa droo, nikanunua betri mpya, nikampa kondakta wa matatu ya Kitengela. Nikamwandikia kaka namba ya gari.