Hukumu ya Wimbi

Tarehe 19 Julai 1950 Ben Carlin, mhandisi wa Australia, na mkewe Elinore, Mmarekani, waliondoka bandari ya Halifax, Kanada, wakiwa ndani ya gari. Lilikuwa Ford GPA, gari la kijeshi lililoundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia literemke ukingo mmoja wa mto na kupanda ukingo wa pili. Waliolibuni hawakuifikiria Atlantiki. Carlin aliliongezea kibanda, omo mpya na matangi ya mafuta, moja likiburutwa majini kwa nyuma, akaliita Half-Safe, yaani nusu salama. Mwezi mmoja hivi baadaye walifika kisiwa cha Flores, Azores. Mwaka uliofuata magurudumu yao yaligusa mchanga wa Afrika, Cape Juby.

Carlin ndiye mtu pekee anayejulikana kuizunguka dunia kwa gari la namna hiyo, safari aliyoikamilisha mwaka 1958. Sifa hiyo anaistahili. Ninachotaka kujua ni inatoka wapi. Tuseme usiku mmoja, katikati ya Atlantiki, wimbi lingelipindua gari lile. Mtu ni yule yule, uamuzi ni ule ule, hesabu za mafuta ni zile zile. Ila tungemkumbuka kama mwendawazimu aliyemzamisha mkewe. Je, wimbi ambalo hakulituma wala hakuweza kulizuia lina haki ya kuamua kama alitenda vyema?

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilichambua swali hili mwaka 1976, wakaliita bahati ya kimaadili. Williams alitoa mfano wa mchoraji Gauguin, aliyeiacha familia yake akaifuata sanaa: mtu kama huyo, alisema, hawezi kujua siku ya kuondoka kama uamuzi wake una utetezi, kwa kuwa utetezi huo, ukiwapo, huja na mafanikio. Nimelifikiria wazo hili sana na bado linanitia wasiwasi. Linampa aliyefanikiwa ruhusa ya kurudi nyuma na kuyasafisha aliyoyatenda. Kwangu uamuzi hupimwa pale ulipofanyika: gatini Halifax, kwa yale Carlin aliyoyajua siku ile. Naye aliyajua mengi. Mwaka 1948 wawili hao walikwisha kujaribu kutoka New York. Mitambo ikawaangusha, wakachukuliwa na mawimbi hadi meli ya mafuta ilipowaokoa. Aliyeokolewa baharini hawezi kusema hakujua. Lakini pia alirudi akalitengeneza gari upya na kurekebisha kilichomwangusha, na hilo lihesabiwe upande wake. Hakuwa mtu wa kubahatisha tu.

Swali zito zaidi linamhusu Elinore. Alikubali kwenda. Alikubali 1948, akakubali tena 1950 akijua jinsi bahari inavyomlevya. Alikuwa mtu mzima, na ningemvunjia heshima kumwita mzigo wa ndoto ya mumewe. Hata hivyo ridhaa haina uzito ule ule kila mahali. Nchi kavu, anayekubali jambo leo anaweza kesho kusema basi, akafunga mizigo akaenda zake. Ridhaa yake ina uhai kwa sababu mlango uko wazi. Ndani ya kibanda kile, maili mamia kutoka bandarini, kusema basi hakumpeleki mtu popote. Anaweza kulisema, mumewe akalisikia, hata akakubaliana naye, na maji yakabaki yale yale. Anayemwalika mwenzake mahali pa namna hiyo anaomba kwa mkupuo ridhaa ya siku zote zijazo, tena anaiomba kwa mtu ambaye hajawa bado yule atakayekuwa siku ya ishirini. Sidhani kuna awezaye kuitoa kikamilifu. Kwa hiyo sehemu ya hatari ile ilibaki mikononi mwa Carlin, hata mkewe angesema nini gatini, na kufika kwao salama hakukuifuta. Mwaka 1955, safari yao ilipofika India, Elinore alijitoa, na baadaye ndoa ikavunjika. Carlin akaendelea na wenzake wengine.

Kipimo hiki kinapata shida kikipelekwa Kuba. Julai 2003 Wakuba 12, Luis Grass miongoni mwao, waliingia Mlango wa Bahari wa Florida kwa lori la Chevrolet la mwaka 1951, likielea juu ya mapipa. Walinzi wa pwani wa Marekani wakawarudisha na kulizamisha lori. Februari 2004 Grass akajaribu tena kwa Buick ya 1959, akiwa na mkewe na mtoto wao mdogo, wakazuiwa. Mtoto yule hakuombwa ridhaa. Ningesema upesi kwamba baba hana haki ya kumtia baharini juu ya gari, kama kubaki Kuba lingekuwa jambo aliloulizwa. Hilo nalo hakuulizwa. Carlin akighairi angepoteza ndoto tu. Grass alikuwa anamwamulia mwanawe maisha kwa kuondoka na kwa kukaa vilevile. Mwaka 2005 familia hiyo iliingia Marekani kwa nchi kavu, kupitia Meksiko. Siwezi kuutumia mwisho huo kumtetea kwa safari ya 2004, kwa sababu ile ile iliyonifanya nimnyime Carlin utetezi wa Flores. Utetezi wa Grass utafutwe Kuba, kabla Buick haijagusa maji, katika yale aliyoyajua kuhusu maisha yanayomngoja mwanawe wasipoondoka.